Maana ya Pili ya Sukari

12 Februari 1996

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nadhani barua hii itakukuta juu ya jukwaa, unamgombeza mtu kwa sababu ya tofali lililokaa upande. Mimi sijambo. Mama naye hajambo, ila mgongo, na mgongo wenyewe anaukana huku ameushika kwa mikono miwili. Amesema nikwambie kwamba shuka zimefika na hukupaswa kujisumbua. Maana yake amefurahi sana. Msalimie mkaza mjomba, mwambie ile sweta aliyonifumia ndiyo inayoniokoa na feni la ofisi, ambalo halina kasi ya kati: ama limezimwa ama ni kimbunga.

Sasa nije kwenye shida yangu. Hapa kwenye kamusi tumegawana herufi, na mimi nimepewa sanduku la S. Kila neno lina kadi yake, na kwenye kadi lazima niandike neno lilikotoka na maana zake zote. Wiki iliyopita nilifika kwenye "sukari". Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Leo ni siku ya sita.

Nililifuata nyuma. Sisi tumelipata kwa Waarabu, wanaosema sukkar. Waarabu walilipata kwa Waajemi, kwao ni shakar. Waajemi nao walilitoa kwenye Kisanskriti, lugha ya kale ya Wahindi, na huko lilikuwa sharkara. Wazungu wakalibeba kwa upande wao, kila mmoja akalitafuna kwa meno yake: zucchero, açúcar, sucre. Ukilisikiliza vizuri ni lile lile. Lakini mjomba, hiyo sharkara kabla ya kuwa kitu cha kutia kwenye chai ilikuwa jina la kokoto. Au changarawe. Watu walichemsha maji ya muwa, yakakauka, yakawa chenga ngumu, wakaangalia chini wakaona zinafanana na nini.

Hapo kwenye "au" ndipo nilipokwama. Vitabu vyangu vinaandika kokoto, changarawe na mchanga mnene kana kwamba ni kitu kimoja. Nani anayejua mawe katika ukoo huu kama si wewe? Kokoto inaishia wapi na changarawe inaanzia wapi? Nijibu kifundi, usinionee huruma.

Mpwa wako.


2 Machi 1996

Bi Kwanini,

Marahaba, mwanangu. Hilo jina nilikupa ukiwa na miaka minne na naona hutaki kuliacha. Hapa nyumbani tu wazima. Mkaza mjomba wako amepata salamu za sweta na tayari ameanza nyingine, kwa hiyo ujilaumu mwenyewe. Dada mwambie mgongo hauponi kwa kukanwa.

Kazini tumefika ghorofa ya tatu. Kuna ngazi ya kuzunguka, haina nguzo katikati, na msimamizi ameamua hakuna atakayeimwagia zege isipokuwa mimi. Vijana wa siku hizi wana mashine ya kupimia, ina taa na kila kitu, lakini wakimaliza kupima wananiita nije na kamba yangu yenye risasi niangalie kama ukuta umesimama. Ndiyo maana wananiita Timazi. Wengine hawajui kama nina jina jingine.

Haya, swali lako. Kokoto ni jiwe lililopondwa, kwa nyundo au kwa mtambo. Lina kona. Ukilishika linakushika. Ndiyo maana tunalitia kwenye zege, zile kona ndizo zinazong'ang'aniana. Changarawe haikupondwa na mtu. Imesagwa na maji na miaka, ni ndogo na imeshalainika. Hiyo mwaga njiani, usinijengee nayo ngazi. Mchanga ni ule unaopita kwenye chekecheke yangu. Basi mimi naona hao watu wa kale walimaanisha changarawe, maana sukari haina kona za kukata. Ila kama yao ilikuwa ngumu ya kuvunjwa kwa nyundo, hapo nawapa kokoto. Waulize.

Na kwa kuwa umenitajia kokoto, nikuchekeshe. Juzi moja iliingia kwenye buti langu asubuhi, ukubwa wa punje ya hindi. Nikashinda nayo siku nzima, nimepanda na kushuka ngazi sijui mara ngapi, sina habari. Jioni mkaza mjomba wako ananivua soksi, soksi haitoki, imegandana na damu. Akapiga ukelele majirani wakaja. Mimi sikuwa nimesikia hata mwasho. Nikamwambia huu si unyayo tena, ni buti la ndani. Hakucheka. Wewe ucheke.

Mengine ni mazima. Joto limezidi, nakunywa maji kama mtambo wa zege.

Mjomba wako, Timazi.


14 Machi 1996

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, mimi mzima, sweta ya pili naisubiri.

Jibu lako nimeliweka kwenye kadi karibu lilivyo. Mhariri mkuu alilisoma mara mbili akauliza huyu mtaalamu ni wa chuo gani. Nikamwambia ni wa juu ya jukwaa.

Lakini kadi haijaisha. Nimeandika maana ya pili ya sukari kuwa ni ugonjwa, na mhariri mkuu ameikata kwa kalamu nyekundu. Anasema ugonjwa unaitwa kisukari, una kadi yake kwenye sanduku la K, na anayesema "ana sukari" anakosea. Mimi nasema kamusi haipo kuwapiga watu kofi. Nimemwonyesha kwamba hata huko lilikotoka, neno sharkara lilikwisha kuwa jina la maradhi: matabibu wa Kisanskriti walilitumia kwa mtu mwenye changarawe kwenye mkojo. Na ule ugonjwa wa mkojo mtamu, yaani kisukari chenyewe, waliupa jina lake, wakauita mkojo wa asali. Akasema hayo ni ya kwao. Tumepanga kulimaliza kwenye kikao cha mwisho wa Juni.

Ili nijiandae nilikwenda kwa daktari mmoja, mama wa makamo anayetusaidia maneno ya tiba. Nilimuuliza dalili, naye akanitajia: kiu isiyoisha, vidonda visivyopona, miguu kufa ganzi hata mtu akanyage kitu asijue. Barua yako ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilimsomea ile habari ya buti, mjomba, na ile ya maji. Aliweka kalamu chini. Alisema, "Mjomba wako akapime wiki hii. Usimwandikie mwezi huu. Mwandikie wiki hii."

Kwa hiyo sicheki. Nakuuliza kwa adabu zote na nataka jibu: kuna mtu aliyewahi kukwambia una sukari? Kidonda kikoje? Nenda hospitali. Ngazi haitakimbia.

Mpwa wako.


9 Aprili 1996

Mwanangu,

Marahaba. Unisamehe kuchelewa. Mvua zimeanza, barabara ya huku imekuwa supu. Mkaza mjomba wako hajambo, amemaliza mkono mmoja wa sweta. Jirani seremala amepata mjukuu wa kike na anatutambia kana kwamba alimchonga mwenyewe. Ngazi tumeisuka nondo, bado zege.

Mhariri mkuu wako usimwogope, lakini usimvunjie heshima. Mtu wa kalamu nyekundu ni kama msimamizi wa ujenzi, mpe nafasi ya kushuka bila kuanguka.

Sasa ni saa nne asubuhi, jua limefika kwenye ngazi ya mlango na paka amelalia karatasi zangu, ndiyo maana mwandiko umepinda. Kuhusu mguu, unaendelea vizuri. Nimepaka dawa.

Mjomba wako.


20 Aprili 1996

Mjomba,

Shikamoo. Wote wazima.

Nimetazama kalenda. Tarehe tisa ilikuwa Jumanne. Tangu lini Timazi akakaa nyumbani na paka Jumanne saa nne asubuhi, na zege halijamwagwa? Na umeandika ukurasa mmoja tu. Umenijibu kuhusu mjukuu wa seremala, hukunijibu nilichokuuliza.

Basi nikauliza kwingine. Nilimuuliza mama bibi alikufa kwa nini. Akasema, "Mguu." Nikasema najua mguu, miaka yote mnasema mguu, mguu ulikuwa na nini? Akaanza kukunja nguo zilizokwisha kunjwa. Baadaye akasema bibi alikuwa na kidonda kwenye kisigino, hakikupona, na alikuwa akinywa maji mtungi mzima kwa siku. Kisha akatoka. Mjomba, mliona wote wawili. Wewe ndiye uliyekuwa ukimbeba.

Nimeomba ruhusa ofisini, nimenyimwa mpaka nusu ya sanduku iishe. Nitaimaliza. Tarehe kumi na saba Mei nitakuwa mlangoni kwako. Lakini usinisubiri mimi. Barua hii ikifika, vaa kiatu kilicholegea, uende siku hiyo hiyo. Kama wewe huwezi kuisoma, namwomba mkaza mjomba aisome. Mkaza mjomba, shikamoo. Usimsikilize.

Mpwa wako.


11 Mei 1996

Mwanangu, Bi Kwanini,

Marahaba. Naandika nimelala, safari hii si paka.

Barua yako ilifika nina homa ya siku ya tatu. Mkaza mjomba wako aliifungua, akaisoma akiwa amesimama. Alipofika pale ulipomwamkia yeye, aliikunja barua akavaa viatu. Alikwenda kwa seremala, akarudi naye na gari lake la kubebea mbao, wakanilaza juu ya godoro kama kabati jipya. Nilipotaka kubisha aliniambia, "Hata mpwa wako ameshasema nisikusikilize."

Wamekata vidole viwili vya mguu wa kushoto, kidogo na kile cha jirani yake. Daktari alisema ningekuja wiki moja baadaye tungekuwa tunazungumza habari ya goti. Alisema hivyo bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililonitisha.

Sasa nikujibu ulichouliza, maana nimeshindwa pa kujificha. Ndiyo. Niliambiwa. Miaka minne iliyopita nilikwenda zahanati kwa ajili ya macho, yalikuwa yanaingia ukungu. Mganga wa hapo alinipima akaniambia, "Mzee, sukari imepanda, punguza." Basi. Nikapunguza vijiko kutoka vinne hadi vitatu. Nikajua imepanda kama maji ya kisima yanavyopanda, itashuka. Kisukari nilikijua mimi, ni ugonjwa wa watu wanaodungwa sindano kila siku. Huo sikuambiwa ninao. Mwaka huu mwanzoni kazini walituletea fomu: una ugonjwa wa kisukari? Nikaandika hapana, kwa mwandiko mzuri kabisa. Hapa hospitali daktari akaniuliza tena, "Mzee, una kisukari?" Nikamjibu, "Kisukari sina. Nina sukari tu."

Akafunga faili langu. Kisha akaketi kitandani, akanieleza kwamba ni kitu kimoja.

Sitakudanganya kwamba ni maneno peke yake yaliyonilaza hapa. Pale mkaza mjomba wako alipovua soksi nilimwona mama. Nilikijua kile kidonda, nimekiosha kwa mikono yangu nikiwa kijana. Niliogopa kukatwa, nikaogopa kuachishwa kazi, nikaamua ni kokoto tu. Dada naye usimbane sana. Kusema "mguu" kulitusaidia kulala.

Nitasimama. Nimeshamuuliza mtaalamu wa mazoezi, anasema binadamu husimama kwa kisigino na kidole gumba, na hivyo vyote ninavyo. Vilivyobaki nitavizoesha. Ngazi nimeambiwa inanisubiri. Msimamizi amekuja mwenyewe na fomu mpya, nikaijaza upya mbele yake.

Haya yote ni yako wewe. Usimwonyeshe mtu.

Nami nina swali moja. Mama alikuwa nao, mimi ninao. Wewe umepima?

Mjomba wako.


2 Juni 1996

Mjomba,

Shikamoo. Nimefika salama. Zile siku tatu nilizokaa nanyi bado ninazo kifuani. Mama nimemsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza vidole ni vipi, na nikamtajia. Anasema anakuja mwezi ujao, mgongo upende usipende.

Kuna jambo nililoshindwa kukwambia nikiwa nimekaa kando ya kitanda chako, kwa sababu ulikuwa unacheka na mgonjwa wa kitanda cha pili na sikutaka kukatiza. Kikao chetu ni tarehe ishirini na nane. Mhariri mkuu hajalegea. Ameniambia kama nataka maana ya pili nilete ushahidi kwamba watu wazima, wenye akili zao, wanasema sukari wakimaanisha ugonjwa, na kwamba kuacha kuiandika kunamdhuru mtu. Nina mifano sita. Minne ni ya sokoni, miwili ya magazetini. Hakuna unaofikia sentensi yako.

"Kisukari sina. Nina sukari tu."

Nakuomba ruhusa niiandike kwenye kadi. Sitataja mjomba wala fundi wala Timazi. Nitaandika: mgonjwa, miaka hamsini na minane. Ukisema hapana nitaelewa, na sitakuuliza tena.

Mkaza mjomba nambusu mikono. Sweta imenitosha, ila imekuwa na mikono mirefu kama ya mtu anayekumbatia nguzo.

Mpwa wako.


15 Juni 1996

Bi Kwanini,

Marahaba. Nimesoma barua yako mara tatu nikitafuta jibu la swali langu. Nimekuta sweta, nimekuta mgongo wa dada, nimekuta magazeti. Jibu sijaliona. Mimi ni bingwa wa kutojibu, mwanangu, miaka minne nilifanya kazi hiyo, kwa hiyo usijaribu kwangu.

Hii hapa habari yangu kwanza. Jumatatu nimerudi kazini kwa fimbo. Zege la ngazi walimwaga vijana, mimi nimekaa kwenye kiti chini nikiwaelekeza, na kamba yangu mkononi. Walipokosea niliwasimamisha, wakabomoa mbao wakaanza upya, hakuna aliyenung'unika. Saa ya kutoka nikawaambia kila mtu avue buti aangalie nyayo kabla ya kwenda nyumbani. Walicheka. Nikavua langu, nikawaonyesha. Wakavua. Kijana mmoja mpaka rangi alikuwa na msumari umepita soli na kuingia kwenye nyama, hajui. Nimemtuma akapime, na kesho yake nikamuuliza kama amekwenda, na keshokutwa nikamuuliza tena, mpaka akaenda.

Sasa sentensi. Naona aibu nayo. Lakini kama itakaa kwenye kitabu na mwingine akaisoma akajua ni kitu kimoja, aibu hiyo naibeba. Usiandike mgonjwa. Andika fundi mwashi. Ni kazi yangu na sikuiiba.

Ila siitoi bure. Pima kwanza. Usiponiletea majibu ya damu yako kabla ya tarehe ishirini na nane, sentensi ni yangu na nitaikana mbele ya huyo mhariri mkuu.

Mjomba wako, Timazi.


5 Julai 1996

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama amekwisha kukata tiketi, utamwona kabla hujamaliza kuisoma hii pengine. Amebeba mito miwili ya mgongo na anasema yote ni ya kwako.

Kikao kilikuwa Ijumaa, saa tano. Mhariri mkuu alisoma mifano yangu sita kwa sauti, akatikisa kichwa kila mara. Ya saba aliisoma kimya. Aliuliza kama huyo fundi mwashi yuko hai. Nikasema yuko hai na yuko kazini. Akauliza alipoteza nini. Nikamwambia. Alichukua kile kipande alichokikata kwa wino mwekundu mwezi Machi, akakiandika upya kwa mkono wake mwenyewe, na kwenye kadi ya kisukari, sanduku la K, akaongeza maneno mawili: "pia sukari". Nilikumbuka ulivyosema, nikampa nafasi ya kushuka. Nilimshukuru tu, nikarudi kwenye meza yangu.

Kwenye kadi sasa kuna changarawe ya Kisanskriti, kuna ya chai, na kuna yetu.

Swali lako. Nilikwenda tarehe ishirini na sita, kwa yule yule daktari. Sikukujibu mwezi wa sita kwa sababu nilikuwa nimeshajua. Tangu Januari naamka na kiu. Nilikuwa nakuandikia wewe "nenda hospitali" na jagi la maji liko kando ya kalamu, naliona, namalizia sentensi. Nilikuwa mkali kwako kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kuwa mkali kwangu. Nisamehe.

Daktari alinipima mara mbili, siku mbili tofauti, ili asikosee, na majibu nilikuwa nayo siku moja kabla ya kikao, ila barua isingekuwahi. Sukari yangu imepanda, mjomba. Nina kisukari. Nimeyaandika yote mawili usije ukadhani ni vitu viwili.

Macho mazima, miguu naisikia yote, hadi kidole cha mwisho. Ameniambia nimewahi. Dawa nimeanza jana asubuhi, na sanduku la T naanza Jumatatu.

Mpwa wako.